Kukodi, Kukodisha na Kupeleka Hesabu: Historia Fupi ya Msamiati wa Gari la Kukodi

Miongoni mwa nyanja ambazo sisi tunaoshughulikia istilahi huzisahau upesi ni ile ya gari la kukodi. Tunazo istilahi za udaktari, za sheria, za benki na za kilimo. Lakini aghalabu hatukumbuki kwamba mtu amfikishaye mgonjwa hospitalini saa nane za usiku, bibi harusi ukumbini na wafiwa makaburini, naye ana kazi yenye lugha yake. Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya maneno machache ya kazi hiyo, hususan katika mji wa Dar es Salaam. Tutaonyesha kwamba maneno hayo yalidumu kwa sababu yalieleza mapatano baina ya watu, na kwamba pana hatari neno linapoeleweka kwa upande mmoja tu wa mapatano.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Neno "gari" tulilipata kutoka lugha za Bara Hindi, na "dereva" kutoka Kiingereza. "Teksi" imesafiri safari ndefu zaidi. Asili yake ni neno la Kilatini taxa, lenye maana ya tozo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliliunganisha na neno la kupimia wakapata jina la kifaa cha kuhesabia nauli. Wafaransa nao wakalichukua, na Waingereza wakalikata wakabaki na sehemu yake ya mwanzo. Hivyo basi, teksi kwa asili ni gari lenye mita. Lakini jina lilipoingia katika mitaa ya Dar es Salaam, mita haikushika mizizi. Abiria na dereva husimama, hutaja bei, hubishana kidogo, kisha hupatana. Neno lililozaliwa na mashine ya kupimia limekuja kutaja kazi ya kupatana kwa mdomo. Hilo si kosa la watumiaji wa lugha. Ni haki yao.

Teksi si gari pekee lililopewa jina kwa nauli. Katika miaka ya 1960 wakazi wa Nairobi walisafiri katika magari ya watu binafsi kwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10, na Wakikuyu walizitaja kuwa mang'otore matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, nalo jina "matatu" likaenea nchi nzima. Huku Dar es Salaam, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilishindwa kukidhi mahitaji ya mji uliokuwa ukikua. Watu wakapanda magari yasiyo na kibali yaliyoitwa "chai maharage". Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi 5, ambayo mitaani iliitwa "dala", yakapata jina la "daladala". Nauli imepanda mara nyingi tangu hapo, lakini jina halikubadilika. Hakuna kamati iliyokaa kuyaunda majina hayo mawili. Yaliundwa na walipaji.

Neno jingine linalostahili kuzingatiwa ni "teksi bubu". Hili ni gari la mtu binafsi lifanyalo kazi ya teksi bila leseni. Teksi halali hujitangaza: Tanzania huipa namba yenye usuli mweupe, ilhali gari la matumizi binafsi huwa na namba ya manjano. Gari lisilojitangaza ni bubu. Kwa mintiki hiyo hiyo watu husema "bandari bubu" kwa gati isiyo rasmi. Ni dhahiri kwamba wananchi wameunda kanuni ya uundaji wa maneno iliyo fupi, inayoeleweka mara moja na inayoweza kutumika katika nyanja nyingi. Mwanaistilahi angetafuta maneno manne kueleza jambo hilo hilo.

Pale madereva wanapongojea abiria huitwa "kijiwe", yaani jiwe dogo la kukalia. Hapo kuna zamu: aliyetangulia kufika ndiye atangulizaye kupakia. Hapo pia kuna "deiwaka", yaani dereva ashikaye gari la mwenzake kwa siku moja mwenyewe akiwa na udhuru. Akifiwa mmoja wao, wenzake huchanga rambirambi. Watu wa mtaani nao wana dereva wao wamjuaye kwa jina, waweza kumgongea mlango usiku na kumlipa mwisho wa mwezi. Hata limozini, gari refu la kifahari ambalo jina lake linatokana na Limousin, jimbo la zamani la Ufaransa, likikodiwa kwa sherehe huitwa tu "gari la maharusi". Mtaa haulipi gari jina la kiwanda chake, bali la shughuli iliyolileta.

Sasa tufikie lile lililotusukuma kuandika. Madereva wengi hawana gari. Hupewa gari na mwenyewe, ambaye wao humwita "tajiri", na kila siku humpelekea kiasi kilichokubaliwa. Kiasi hicho huitwa "hesabu". Kinachozidi ni cha dereva. Kikipungua, upungufu ni wake. Siku moja tulikuwa tukipitia rasimu ya mkataba wa aina hiyo pamoja na dereva mmoja mtu mzima. Sisi tulikuwa tumeandika "malipo ya kila siku". Akatuuliza, "Nani anamlipa nani hapo, wanangu?" Alikuwa na haki. Asomaye "malipo ya kila siku" angeweza kudhani dereva ndiye alipwaye. "Hesabu" haina utata huo hata kidogo.

Rasimu hiyo hiyo ilikuwa na sentensi isemayo, "Mkodishaji atagharimia matengenezo yote." Kwa sarufi sanifu, kukodi ni kutwaa kitu cha mwingine kwa malipo, na kukodisha ni kukitoa. Mkodishaji basi ni tajiri. Lakini watu wengi husema "nataka kukodisha gari" wakiwa na maana ya kukodi, na mzee wetu alikuwa ameelewa kwamba mkodishaji ni yeye. Tafsiri mbili za kiambishi kimoja zilikuwa zikiamua nani atanunua injini ikifa.

Tangu mwaka 2016, teksi ziitwazo kwa programu ya simu zilipofika Dar es Salaam, limeingia neno jingine: "mshirika". Dereva ndiye huitwa hivyo. Katika Kiswahili, mshirika ni mtu mwenye sehemu yake na sauti yake katika jambo. Mwaka 2022 ulipotokea mvutano juu ya kiwango cha kamisheni ambacho kampuni zingekata katika nauli, mjadala haukuwa wa fedha peke yake. Ulikuwa pia wa iwapo neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mikataba ya gari itaje "mwenye gari" na "dereva", isitegemee tofauti ya kukodi na kukodisha pale inapoweza kumtia mtu hasarani. Pili, "hesabu" ikubaliwe kuwa istilahi kamili ya kazi hii. Tatu, kabla ya kusanifu neno lolote la uchukuzi, twende kijiweni tukaulize. Mzee yule hakututoza chochote kwa somo lake. Alitusaidia kufuta maneno mawili, akaangalia saa, akasema zamu yake imefika.