Hikima ya Kuitawala Hewa ya Garini

Kila ifikapo tarehe 16 Septemba, siku ambayo mataifa hukumbuka kutiwa sahihi kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, husemwa mengi juu ya gesi za viyoyozi na madhara yake kwa tabaka la ozoni, na ni haki yasemwe. Lakini aghalabu husahauliwa hikima nyingine, iliyo ngumu kuliko ile ya kupoza, nayo ni ya kuitawala baridi yenyewe ndani ya gari.

Kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuuza gari lenye kiyoyozi cha kiwandani, ikalionyesha Chicago mwezi wa Novemba 1939. Bei yake, dola 274 juu ya ile ya gari, haikuwa haba kwa zama zile; mtambo ulikalia nusu ya buti, na hewa baridi ikatokea nyuma ya abiria. Illa haukuwa na kipimajoto cha kuuamuru wala swichi ya kuisimamisha kompresa. Madhali injini yazunguka, kompresa nayo yazunguka. Na mwenye gari aliyeona baridi imezidi hakuwa na hila ila kuzima injini, kushuka, kufungua boneti na kuuvua mkanda wa kompresa kwa mikono yake, kisha, hari itakaporudi, aurudishe kwa taabu ile ile. Hatta ulipomalizika mwaka 1941, mtambo huo ulikwisha kuachwa.

Wala si kwamba maarifa yalikosekana, kwani mwaka ule ule wa 1939 kampuni ya Nash ilikuwa imekitia kipimajoto kifaa chake cha kupasha joto. Na mwaka 1954 Nash hao hao wakaunganisha joto na baridi katika mtambo mmoja wa mbele. Ndipo mwaka 1964 Cadillac ikamwezesha dereva kuchagua kiwango mara moja, kisha vihisi vitatu, cha nje, cha ndani na cha njia ya hewa, vikaongoza kimlango kinachoipitisha sehemu ya hewa iliyopozwa kwenye mabomba ya maji ya moto ya injini na kuiacha nyingine, mithili ya mtu achanganyaye maji ya kuoga.

Magari ya leo yameongezewa kihisi cha jua na kompyuta, na Marekebisho ya Kigali ya 2016, ya Mapatano yale yale ya Montreal, yameagiza kupunguzwa hata gesi zilizorithi mahali pa zile za kwanza; asili ya kazi haikubadilika.

Inasikitisha, basi, kwamba katika gereji zetu nyingi kiyoyozi kisipopoza dawa ni moja tu, kujaza gesi, na iliyobaki kuachiliwa hewani, ilhali huenda kosa ni la kihisi kilichojaa vumbi au kimlango kilichokwama. Vyuo vyetu vya ufundi vina wajibu wa kuifundisha elimu hii kwa bidii ile ile vinayofundishia injini, kwani fundi asiyejua jinsi joto linavyopimwa humtoza mtu fedha kwa gesi ambayo gari lake halikuihitaji.