KIMENG'ENYA CHA BAKTERIA KINACHOPIMA KOLESTEROLI YAKO

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakipita kila tukienda maabara bila kukijua.

Mtu kapima kolesteroli Makambako kaambiwa 5. Ndugu yake kapima Njombe mjini kaambiwa 195. Huyu wa pili halali usiku! Kumbe wako sawa kabisa, ntaeleza chini.

KINATOKA WAPI?
Kinaitwa kolesteroli oksidesi. Hutengenezwa na bakteria wa udongoni kama Streptomyces, Nocardia na Rhodococcus. Streptomyces ndio haohao wanaoleta ile harufu ya udongo mvua ikianza kunyesha. Wao hutumia kolesteroli kama chakula, na kimeng'enya hiki ndio hatua ya kwanza ya kuivunja.

ZAMANI ILIKUWAJE?
Maabara zilipima kwa asidi kali ya salfuriki, kazi ya hatari. Mwaka 1973 mwanasayansi William Richmond alionyesha kuwa kimeng'enya cha Nocardia kinaweza kupima kolesteroli ya damu. 1974 Charles Allain na wenzake, Richmond akiwemo, wakatoa njia ya kuchanganya vimeng'enya vyote pamoja. Njia hiyo ndiyo msingi wa vipimo vingi mpaka leo.

KINAFANYAJE KAZI?
1. Kolesteroli nyingi ya damu imefungwa na asidi za mafuta. Kimeng'enya cha kwanza, esterasi, kinaifungua.
2. Oksidesi yetu inaichukua pamoja na oksijeni. Inatoa haidrojeni peroksaidi, ileile ya kusafishia vidonda.
3. Kimeng'enya cha tatu, peroksidesi, kinatumia peroksaidi hiyo kutengeneza rangi nyekundu.
4. Mashine inasoma rangi. Wekundu ukikolea, kolesteroli ni nyingi.

MAMBO YA KUANGALIA
- Baridi: vitendanishi vinatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, lakini kipimo chenyewe kinataka joto. Kwa kawaida ni kama dakika 5 kwenye nyuzi 37, au 10 kwenye nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Njombe mwezi wa saba bila kifaa cha kupasha joto, rangi inaweza isimalizike na jibu likatoka dogo kuliko ukweli.
- Vidonge vya vitamini C: ukimeza dozi kubwa, vitamini hiyo inaila peroksaidi kabla ya rangi kutokea. Jibu linashuka kwa uongo. Mwambie mtaalamu wa maabara.
- Vipimo viwili: 5 ni milimoli kwa lita, 195 ni miligramu kwa desilita. Zidisha milimoli kwa 38.7 utapata miligramu. Chini ya 5.2 (yaani 200) ni salama kwa watu wengi, kuanzia 6.2 (yaani 240) ni juu.

KWA NINI SISI?
Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe ni asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, juu kuliko mikoa yote. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi, hasa za kundi la lopinavir, zinaweza kupandisha kolesteroli. Usiache dawa hata siku moja! Omba kupimwa, daktari ndiye anayejua cha kufanya. Na sisi wa kitimoto na chipsi mayai pale stendi, tusijione tumepona.

JE, TUKINYWE KISHUSHE KOLESTEROLI?
Hapana wadau. Ukikinywa, tumbo litakimeng'enya kama protini nyingine yoyote. Na kwenye damu ndio balaa, maana tando za seli zetu nazo zina kolesteroli. Akitokea mtu anauza "dawa ya bakteria" mnadani, mpite kushoto.

Ukipewa karatasi ya majibu, uliza kwanza: hii ni milimoli au miligramu? Nawasilisha, mwenye swali au nyongeza atupie hapo chini.