UZI: Ni nani "indigenous" hapa Kenya?

1/ Kila msimu wa siasa neno hili la Kiingereza linarudi: "indigenous". Huyu anasema "sisi ndio indigenous hapa", yule anamjibu "kwani sisi tulitoka wapi?" Wacha niwatenganishie maana tatu, kwa sababu zinagusa mashamba ya watu.

2/ Neno lina mizizi ya Kilatini: aliyezaliwa ndani ya nchi. Sisi husema "wa asili", na asili yenyewe tuliitoa Kiarabu, ambako humaanisha pia mzizi.

3/ Maana ya KWANZA: Mwafrika, ukimtenga na mlowezi. Mkoloni alisema "native". Sheria ya 1915 ya kusajili "natives" ndiyo iliyoleta kipande kwa wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu. Kwa maana hii, karibu sote tumo.

4/ Lakini hata hapo kuna waliokosa kwao. Tume ya Ardhi ya Carter (1932-34) ilipendekeza watu wa misituni, iliowaita Dorobo, wahamishiwe kwenye rizavu za makabila waliyokaribiana nayo.

5/ Maana ya PILI iko kwenye Katiba ya 2010, Kifungu cha 260: kati ya jamii zilizotengwa imo jamii ya asili iliyodumisha maisha ya kuwinda na kukusanya chakula.

6/ Hii si maneno ya vitabuni tu. Kesi ya Ogiek wa Mau ilifika Mahakama ya Afrika, Arusha. Serikali ikajitetea kwamba wao ni mchanganyiko tu wa makabila. Mwaka 2017 mahakama ikawatambua kuwa jamii ya asili. 2022 ikaamuru fidia ya Sh157,850,000 na hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao.

7/ Maana ya TATU ni ya jukwaani: "wenyeji" dhidi ya "waliokuja". Katika ghasia za Bonde la Ufa za 1992, waliokuja waliitwa madoadoa, wakachomewa nyumba. Kifungu cha 39 kinasema raia ana haki ya kuishi popote Kenya.

8/ Ujanja uko hapa: mwanasiasa anaanza na ardhi iliyoporwa na mlowezi (ya kwanza), anaazima huruma ya watu wa msituni (ya pili), halafu anamalizia kwa jirani yako aliyenunua ekari mbili (ya tatu). Makofi yanapigwa, na hakuna aliyeona akiruka.

9/ Kwa hivyo ukiskia neno hilo mkutanoni, muulize swali moja tu: mheshimiwa, unamaanisha ya ngapi?