Gamal al-Ghitani

Gamal al-Ghitani (1945–2015) alikuwa mwanahabari na mwandishi wa riwaya wa Misri aliyeipenda Kairo ya kale kuliko mada nyingine yoyote. Alizaliwa Juhayna, Misri ya Juu, akakulia Gamaliya, mtaa wa Kairo alikozaliwa pia mwandishi Naguib Mahfouz.

Kabla ya kushika kalamu ya gazeti alisomea usanifu wa mazulia, kazi ya kupanga rangi na nakshi fundo kwa fundo. Huenda ndiko alikopata jicho lake kali kwa mapambo ya misikiti na majumba. Mwaka 1969 alijiunga na Akhbar al-Yawm, akatumwa kuripoti vita.

Mapenzi yake hasa yalikuwa kwenye vichochoro na vitabu vya zamani. Katika barabara ya al-Muizz limesimama jengo la Abd al-Rahman Katkhuda, la mwaka 1744: chini wapita njia walipewa maji bure, juu watoto walifundishwa Kurani. Kwake majengo ya namna hii yalisomeka kama kurasa za historia. Alizama katika maandishi ya mwanahistoria Ibn Iyas, shahidi wa kuanguka kwa Wamamluki, watawala wa Misri, mwaka 1517, na humo akachota lugha na kisa cha riwaya yake bora, Zayni Barakat, inayohusu msimamizi wa masoko na mtandao wa majasusi. Wasomaji walioishi chini ya Rais Nasser waliuona utawala wao humo. Al-Ghitani mwenyewe alikuwa ameonja jela ya Nasser.

Mwaka 1993 alianzisha Akhbar al-Adab, gazeti la fasihi la kila wiki, akalihariri hadi 2011.