Shoga: Kutoka Uani hadi Kiooni

Katika Kiswahili cha wazee wetu, neno shoga halikuwa na doa. Lilikuwa neno la uani. Mwanamke alimwita hivyo mwanamke mwenziwe waliyeshibana, wakaazimana khanga, wakapeana siri, wakasimamiana katika harusi na matanga. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inalieleza kuwa ni neno la mapenzi na mazoea baina ya wanawake. Hadi leo bibi wa Ng'ambo au wa Magomeni Mapipa humwita jirani yake "shoga yangu" pasi na kufikiri mara mbili. Lakini neno hilo lilivuka ua likamwandama mwanamume wa aina fulani, yule aliyekuwa na ruhusa ya kukaa na wanawake pale ambapo wanaume wengine walipaswa kupiga hodi na kungoja. Jina alilipata kwa waliomkaribisha. Matusi yalikuja baadaye, tena yalitoka nje ya ua.

Lugha ilikuwa na majina mengine, makali zaidi. Hanithi ni la Kiarabu, na katika vitabu vya kale lilimkusudia zaidi mwanamume asiyeweza kazi ya unyumba. Basha husemwa kuwa ni pasha, cheo cha Kituruki, na wacheza karata wa pwani wanamjua kuwa ni mfalme. Msagaji limetokana na kusaga. Mwenye sikio la shairi ataona mara moja kwamba majina haya hayakupangwa kwa dhambi peke yake. Yamepangwa pia kwa daraja: nani mkubwa, nani mdogo, nani mtoaji na nani mpokeaji. Gill Shepherd, mtafiti Mwingereza aliyeandika mwaka 1987 juu ya mji wa Mombasa, aliliona jambo hilohilo. Kwa maelezo yake, cheo na mali vilikuwa na uzito kuliko jinsia katika kuamua mtu atazamwe vipi na jamaa zake.

Watu hao walikuwa na mahali pao. Mahali hapo hapakuwa pa heshima kamili, wala si vyema kuipamba historia kwa marashi ambayo haikuyanusa. Walisengenywa, walichekwa, wengine walipigwa. Hata hivyo palikuwa na kazi iliyowangoja: kupamba chumba cha bibi harusi, kupika, kuimba, kucheza, kuchangamsha ngoma ya wanawake hadi alfajiri. Watu wa Pwani waliyajua mambo hayo na waliyasema kwa fumbo. Fumbo, kama ajuavyo kila mpenzi wa taarabu, si uongo. Ni adabu ya kusema jambo mbele ya watu wote huku ukimwachia kila mmoja achukue kadiri ya mfuko wake.

Adabu hiyo ilisafiri hadi Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana kwa mipasho, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, kumbi za Kinondoni na Temeke zilijaa hadi milangoni. Mwimbaji hakumtaja mtu. Aliyeinuka na noti mkononi, akaenda kutuza kwa madaha huku amemkazia macho mtu fulani pembeni ya ukumbi, ndiye aliyeukamilisha ubeti. Miongoni mwa walioinuka walikuwamo wanaume wa uani, wamevaa wakapendeza, wakicheza mbele ya jukwaa kwa ufundi ambao wanawake wenyewe waliusifu. Ukumbi uliwajua. Hakuna aliyesimama na kipaza sauti kuwaeleza ni nani.

Televisheni ndiyo iliyotaka maelezo.

Unguja iliwahi mapema: Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati Bara chombo hicho kikihesabiwa kuwa anasa isiyofaa nchi maskini. Dar es Salaam ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV na stesheni nyingine za watu binafsi zilipofungua milango. Siku hizo kioo kimoja kilihudumia mtaa mzima. Watoto walining'inia madirishani, na aliyekuwa na seti alikuwa na wageni kila jioni, apende asipende. Vikundi vya maigizo kama Kaole vikawa vikisubiriwa kwa hamu ile iliyosubiri kumbi za taarabu. Waigizaji walikuwa vijana wa mitaa, na hadithi zilikuwa za mitaa: mke na mkwe, mganga, tajiri mwenye nyumba ndogo, mpangaji na mwenye nyumba. Ndani ya mitaa hiyo yumo pia yule ambaye Dar es Salaam imezoea kumwita "anti". Angeachwaje?

Hakuachwa, lakini tazama alivyoingizwa. Aghalabu hana jina la baba. Hana mama anayemngoja nyumbani, hana kodi ya chumba inayomkera, hana rafiki aliyemzika. Ana mkono uliolegea, pua iliyobanwa, ubani mdomoni, pengine khanga kiunoni. Huingia saluni au katika sherehe, husema maneno mawili matatu ya kuchekesha, kisha huondoka, na hadithi huendelea kana kwamba upepo ulipita. Mtunzi wa tenzi angeona aibu kumwacha hivyo hata farasi wa shujaa wake. Waandishi wa michezo ile hawakukosa mifano, kwani mifano ilipita nje ya dirisha kila siku. Walichukua umbo wakaacha mtu, kwa sababu umbo huchekesha mara moja na mtu hudai muda.

Inafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo watazamaji wengi huyachanganya. Mwanamume kuvaa nguo za kike jukwaani ni desturi kongwe ya vichekesho, na haina lazima ya kuashiria lolote. Joti wa kundi la Ze Comedy, lililoanzia EATV na baadaye kuhamia televisheni ya taifa, aliigiza mabibi na mabinti kwa ustadi uliowafurahisha hata masheikh na mapadri, wala hakuna aliyedhani kwamba anasimulia habari za mashoga. Kicheko chake kilitokana na ufundi wa kuiga. Kicheko kilichomlenga "anti" kilikuwa cha namna nyingine: kiliwaomba watazamaji wajihakikishie kwamba wao si kama yule.

Kati ya vicheko hivyo viwili alizaliwa sharobaro. Mwishoni mwa muongo wa 2000 jina hilo lilienea mijini kwa msaada wa Bob Junior na studio yake ya Sharobaro, na likapata sura kwa Sharo Milionea, yaani Hussein Mkiety, kijana wa Tanga aliyeigiza pamoja na King Majuto. Sharobaro ni mlaini, mtanashati, anadeka, anaringia nywele na viatu, naye anapenda wasichana. Wazee walimtazama kwa shaka. Vijana wa Temeke na Kinondoni wakamwiga kwa maelfu. Pengine ndiye mhusika pekee wa kipindi kile aliyeruhusiwa kuwa na ulaini wa kiume bila kuadhibiwa na hadithi, maana mapenzi yake kwa wasichana yalikuwa kinga yake. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Muheza mwezi Novemba 2012, na kilio kilichofuata kilionyesha jinsi watu walivyompenda kijana asiyejifanya chuma.

Filamu za video zilikwenda mbali kuliko televisheni, kisha zikarudi nyuma kwa kasi zaidi. Zilitengenezwa Sinza, Kinondoni na Mwananyamala kwa siku chache na fedha kidogo, zikauzwa Kariakoo, zikatazamwa katika vibanda vya Mbagala na Tandika. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka bodi ya kuzikagua. Juu ya bodi ilikuwapo sheria ya jinai iliyorithiwa kwa Waingereza na kukazwa mwaka 1998, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kile inachokiita kinyume cha maumbile. Zanzibar nayo ilipitisha sheria yake mpya ya adhabu mwaka 2004, ikawataja na wanawake. Katika hali hiyo mtayarishaji alikuwa na ngao moja tu, nayo ni neno "mafunzo". Filamu inaelimisha. Inakemea. Hata ilipotoka filamu yenye jina lenyewe, Shoga, ubishi ulihusu kama jambo hilo linafaa kuonyeshwa kabisa, si kama limeonyeshwa vizuri.

Mafunzo yana umbo lake, na umbo hilo lilifunga njia zote. Mhusika huyo aweza kuugua ukimwi. Aweza kufungwa, kulaaniwa na wazazi, au kutubu. Hawezi kuzeeka. Mtazamaji aliyewahi kuhudhuria harusi za Mtoni au Keko alikwisha kuwaona wazee wa aina hiyo, wenye mvi, wakielekeza jinsi ya kukunja maua ya kitanda, na huenda alijiuliza kwa nini kioo hakiwafahamu.

Wakati huohuo tamthiliya za ng'ambo ziliingia sebuleni bila kupitia ngao hiyo. Afrika Kusini ilihalalisha ndoa za jinsia moja mwaka 2006, na wahusika wa namna hiyo wakaanza kuonekana katika michezo yake wakiwa na kazi, ugomvi na mashemeji. Mtazamaji wa Dar es Salaam akapewa picha mbili tu: mgeni mwenye maisha kamili, na jirani asiye na lolote ila mkono uliolegea. Ni rahisi kuona kwa nini hoja ya kwamba mambo hayo "yameletwa" ilipata nguvu. Televisheni yenyewe ndiyo iliyowafanya wageni watu waliozaliwa Temeke. Na mwishoni mwa Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipotangaza kuunda kikosi cha kuwasaka na kuwaomba wananchi wapeleke majina, wengi waliosikia tangazo walikuwa na sura moja tu kichwani ya mtu anayetafutwa, nayo waliipata katika vichekesho. Serikali ilieleza siku chache baadaye kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Kufikia hapo wengine walikwisha kuhama vyumba vyao usiku.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka, Wanuri Kahiu alimaliza filamu juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Aliiita Rafiki, kwa kuwa ndilo neno ambalo wapenzi wa namna hiyo hulitumia wanapotambulishana mbele za watu. Binamu wa karibu sana wa lile neno la uani. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Bodi ya Kenya iliipiga marufuku mwezi Aprili. Mwezi Septemba Mahakama Kuu iliifungulia kwa siku saba, na watu wakapanga foleni sinemani. Kabla ya marufuku, bodi ilikuwa imemtaka Kahiu abadilishe kitu kimoja. Hakikuwa busu wala vazi. Ulikuwa mwisho wa filamu, ambao bodi iliona una matumaini mno. Alikataa kuubadilisha.