Waliofuata Muziki Barabarani

Mpenzi wa muziki aliyehudhuria tamasha jana usiku, kisha akaingia garini alfajiri na kwenda kilomita mia sita ili awaone wanamuziki wale wale kesho yake, huambiwa na jirani zake kuwa ama amerogwa ama hana kazi. Wafuasi wa bendi ya Grateful Dead ya California walihukumiwa hivyo kwa muda wa miaka thelathini na hukumu hiyo haikuwashughulisha. Jawabu lao lilikuwa jepesi. Bendi ile haikuupiga wimbo namna moja mara mbili. Usiku mmoja wimbo ulimalizika kwa dakika kumi. Usiku wa pili wimbo huo huo ulivuka dakika ishirini na tano, ukazama ndani ya wimbo mwingine bila ya kituo, na pengine ukarejea mwishoni baada ya wasikilizaji kuusahau. Mpango wa nyimbo za usiku haukutangazwa, na mara nyingi wanamuziki wenyewe waliuamua pale pale jukwaani. Aliyekuwapo Jumatatu hakuwa amesikia ya Jumanne. Kwa muziki wa namna hiyo, safari haikuwa anasa ya msikilizaji, bali ilikuwa sehemu ya usikilizaji wenyewe.

Bendi iliundwa mwaka wa 1965 mjini Palo Alto. Jerry Garcia na Bob Weir walipiga gitaa, Phil Lesh gitaa la besi, Ron McKernan kinanda na harmonika, na Bill Kreutzmann ngoma. Mickey Hart akawa mpiga ngoma wa pili mwaka wa 1967. Mashairi mengi ya nyimbo zao yalitungwa na Robert Hunter, mtu aliyekaa mbali na jukwaa, na wasomaji wa mashairi wangefanya vyema kumkumbuka yeye kwanza. Hadi ilipovunjika mwaka wa 1995 bendi hiyo ilikuwa imepiga matamasha takriban 2,300. Santuri zao hazikuwatajirisha kama zilivyowatajirisha wenzao wa zama zile. Riziki yao ilitoka barabarani, na barabarani ndiko walikokutana na watu wao.

Barabara zenyewe zilikuwa mpya. Sheria ya mwaka wa 1956, iliyotiwa saini na Rais Eisenhower, ndiyo iliyoanzisha mtandao wa barabara kuu zinazounganisha majimbo ya Marekani, na kizazi kilichofikia umri wa kuendesha gari katika miaka ya 1960 na 1970 kilizikuta nyingi zimekwisha kujengwa. Gari kuukuu lilipatikana kwa bei ndogo. Tarehe 28 Julai 1973, huko Watkins Glen katika jimbo la New York, watu wanaokadiriwa kuwa 600,000 walikwenda kuzisikiliza bendi tatu, Grateful Dead ikiwa mojawapo. Barabara ziliziba kwa maili nyingi, na wengi waliyatelekeza magari yao pembeni wakamalizia safari kwa miguu. Miezi michache baadaye mafuta yaliadimika, na mwaka wa 1974 sheria ikaweka ukomo wa mwendo wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi. Kwa hiyo safari nyingi zinazosimuliwa na mashabiki wa zama hizo zilikuwa za mwendo wa pole: usiku kucha katika barabara iliyonyooka, dereva na mwenziwe macho, wengine wamelala nyuma juu ya mablanketi.

Uhusiano wa bendi na wasafiri hawa ulianza kwa barua. Ndani ya jalada la santuri iliyotolewa mwaka wa 1971 palikuwa na ombi fupi kwamba wasikilizaji wajitambulishe na kutuma majina na anwani zao. Barua zilimiminika. Daftari la majina likakua hadi makumi ya maelfu, na bendi ikawa inawaandikia watu wake moja kwa moja, pasi na kutegemea magazeti wala redio. Wafuasi hao wakajulikana kwa jina la Deadheads. Mwaka wa 1983 bendi ilianzisha ofisi yake ya kuuza tiketi kwa njia ya posta. Mwombaji alituma hawala ya posta na kijikaratasi cha maelezo chenye vipimo maalumu, akaandika anwani yake kwa uangalifu, na kosa dogo lilitosha kumkosesha. Palizuka imani kwamba bahasha iliyopambwa hufunguliwa mwanzo. Basi watu wakapaka rangi, wakachora mawaridi, mafuvu, madubu na milima, kana kwamba wanamwandikia mchumba.

Safari zilikuwa na desturi zake. Kombi moja ilichukua watu sita au saba waliochangiana mafuta, na kati yao aghalabu mmoja au wawili hawakujuana na wenzao mpaka siku ya kuondoka. Walipofika, maegesho ya magari yaligeuka soko. Wasafiri walipika na kuuza mikate ya jibini, maharage na mboga, fulana za batiki za kufunga, shanga na mishumaa, na faida ya jioni ilinunua mafuta ya kwendea mji wa pili. Soko hilo lilipewa jina la Shakedown Street, kutokana na jina la santuri ya mwaka wa 1978. Asiyekuwa na tiketi alitembea humo ameinua kidole kimoja, ishara ya kuomba muujiza. Na ilitokea kweli, mara nyingi kuliko anavyoweza kuamini mtu wa nje, kwamba mpita njia alimtilia tiketi mkononi, akaenda zake bila kutaja jina.

Wasafiri hao hawakuwa wote vijana wasio na kazi. Bill Walton, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyetwaa ubingwa na Portland mwaka wa 1977 na tena na Boston mwaka wa 1986, alihesabiwa kuwa amehudhuria zaidi ya matamasha 850 ya bendi hiyo na ya warithi wake kabla ya kufariki mwaka wa 2024. Urefu wake wa zaidi ya mita mbili ulimfanya aonekane katika kila umati. Mwanasosholojia Rebecca Adams wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Greensboro, aliwachukua wanafunzi wake safarini katika kiangazi cha mwaka wa 1989, ili waichunguze jamii ile kama watafiti wachunguzavyo kijiji. Walikuwamo mawakili, mafundi na walimu waliotumia likizo yao yote ya mwaka kwa safari moja.

Lakini katika umati huo lilikuwapo kundi ambalo historia inalidai shukrani kuliko yote, nalo ni la wanasaji. Hao walisafiri na maikrofoni, nguzo ndefu za kuzisimamisha, betri, na masanduku ya kaseti tupu. Mwanzoni walivificha vyombo vyao chini ya makoti na ndani ya mikate iliyotobolewa, kwani kunasa muziki wa tamasha kulikuwa haramu karibu kila mahali. Bendi iliwavumilia. Garcia alishikilia kwamba sauti ikishatoka jukwaani wao wamekwisha kumalizana nayo, na aitakaye aichukue. Kufikia miaka ya 1980 nguzo za maikrofoni zilikuwa msitu uliowazibia macho watazamaji na hata fundi wa sauti mwenyewe. Badala ya kuwafukuza, mwezi wa Oktoba 1984, katika matamasha ya Berkeley, bendi iliwatengea wanasaji sehemu yao nyuma ya meza ya fundi na kuwauzia tiketi maalumu. Hilo halikuwa jambo dogo. Kampuni za muziki wakati ule zilikuwa zikipiga kelele kwamba kaseti ya nyumbani itawaua.

Kanuni ya wanasaji ilikuwa moja, nayo ni kwamba muziki ule hauuzwi. Asiyekuwa na kitu cha kubadilishana alituma kaseti tupu na gharama ya posta, akarejeshewa ikiwa na tamasha. Jarida la Relix, lililoanzishwa mwaka wa 1974, lilizaliwa kwa ajili ya watu wa mabadilishano haya. Mmoja aliwanakilia watano, kila mmoja wa hao akawanakilia wengine watano. Tamasha moja lilihitaji kaseti mbili za dakika 90, na mara kwa mara wimbo ulikatika katikati pale kaseti ilipogeuzwa. Kisha kila nakala ya nakala iliongeza mvumo, hata ile ya sita au ya saba ikasikika kama muziki unaopigwa ng'ambo ya mto wakati wa mvua. Watu waliisikiliza hivyo hivyo. Waliisikiliza garini, wakielekea kwenye tamasha jingine, na ndipo hasa walipojifunza kutofautisha mwaka na mwaka, mji na mji. Wasomaji wa pwani hawatashangaa sana. Beti nyingi za Muyaka bin Haji zimetufikia kwa sababu wazee wa Mombasa walizihifadhi vifuani miongo kadhaa baada ya kifo chake, mpaka Mwalimu Sikujua akazikusanya pamoja na mmishonari W. E. Taylor. Msanii hutunga, lakini nani atakayeweka ni jambo ambalo msanii hana amri nalo.

Mwezi wa Septemba 1978 safari ilifika Misri. Bendi ilipiga siku tatu, tarehe 14, 15 na 16, chini ya mapiramidi ya Giza, na mashabiki waliomudu nauli walivuka bahari kuifuata. Usiku wa tatu mwezi ulipatwa. Aliyekuwa mwenyeji wao jukwaani ni Hamza El Din, Mnubi, mpiga udi na tari, ambaye kijiji chake cha Toshka kilizama chini ya maji ya bwawa kuu la Aswan. Kabla ya mafuriko hayo alikuwa amezunguka katika vijiji vya watu wake akikusanya nyimbo. Pale Giza alianza yeye na wenzake kwa kupiga makofi na kuimba Kinubi, na Wamarekani wakaingia mmoja mmoja juu ya mdundo wake, taratibu, mpaka haikujulikana wimbo wa Kinubi umekwisha wapi. Huo ni udi ule ule, na Cairo ile ile, ambako Sultani Barghash anasimuliwa kumpeleka Mohamed bin Ibrahim kujifunza muziki, tukapata taarabu. Masikio yaliyolelewa na taarabu yanaelewa upesi walichokitafuta wasafiri wale: usiku ambao mpigaji na msikilizaji hawajui bado watafika wapi.

Mapenzi hayo yalikuja kuzidi chombo. Mwaka wa 1987 wimbo wa Touch of Grey uliingia miongoni mwa nyimbo kumi za juu nchini Marekani, jambo ambalo halikuwahi kuitokea bendi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Umma mpya ulimiminika, na wengi wao walikuja kwa ajili ya soko la nje kuliko muziki wa ndani. Miji ikachoka na maelfu ya watu wasio na tiketi waliolala viwanjani mwake. Ilipofika mwaka wa 1989 bendi iliwaandikia mashabiki ikiwataka waache kupiga kambi na kufanya biashara nje ya matamasha. Wengi walitii, wengi hawakutii.

Na isifichwe kwamba dawa za kulevya, hasa LSD, zilisafiri na msafara huu tangu siku yake ya kwanza. Masimulizi ya mashabiki huelekea kulipita jambo hili kwa tabasamu, na hapo hayatendi haki. Sheria ya mwaka wa 1986 iliweka vifungo vya chini vya miaka mitano na kumi, na uzito uliopimwa ulikuwa pamoja na karatasi iliyobeba dawa, tafsiri iliyothibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka wa 1991. Vijana waliokamatwa katika maegesho yale walizeeka gerezani kwa uzito wa karatasi. Wengine waliteketezwa na dawa zenyewe. Kwa upande mwingine walikuwapo Wharf Rats, mashabiki walioapa kuacha ulevi wa kila namna, ambao wakati wa mapumziko walikutana chini ya maputo ya manjano, wakasaidiana kuumaliza usiku wakiwa na akili zao.

Kiangazi cha mwaka wa 1995 kilikuwa kibaya. Tarehe 2 Julai, huko Deer Creek, Indiana, mashabiki wasio na tiketi waliubomoa uzio na kuingia kwa nguvu, huku Garcia akiwa amepokea vitisho vya kuuawa. Tamasha la siku iliyofuata likafutwa. Bendi ikatoa barua kali kwa watu wake, ikiwaambia kuwa wao wenyewe ndio watakaoamua kama safari itaendelea. Siku chache baadaye, katika kambi moja karibu na St. Louis, baraza la jengo lililojaa mashabiki waliojikinga na mvua lilianguka na kujeruhi watu wapatao mia moja. Tarehe 9 Julai walipiga Chicago. Tarehe 9 Agosti Garcia alifariki, akiwa na umri wa miaka 53.

Kaseti zilibaki. Fundi Betty Cantor-Jackson alikuwa amenasa mamia ya saa za muziki huo kwa ustadi mkubwa. Sanduku baada ya sanduku la kanda zake lilinadiwa mwaka wa 1986 kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa, na waliozisafisha baadaye ni mashabiki. Mojawapo ni ya Chuo Kikuu cha Cornell, tarehe 8 Mei 1977. Mashabiki walikuwa wamekwisha kuisambaza miaka mingi kabla haijauzwa rasmi mwaka wa 2017, na Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika hazina yake ya sauti za taifa kwa mwaka wa 2011. Dick Latvala, aliyeanza kama mkusanyaji wa kaseti tu, alikabidhiwa ghala la bendi yenyewe. Nyaraka zilizosalia zilitolewa mwaka wa 2008 kwa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Humo, pamoja na mikataba na picha, yamehifadhiwa maelfu ya bahasha za maombi ya tiketi, na rangi zake bado zinang'ara.