Haki ya Kughairi Safari: Habari za Ndege za Mbeya na Iringa

Mji wa Mbeya ulikuwa bado mchanga, haujatimiza hata miaka kumi tangu watu walipoanza kukusanyika kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, pale ndege za kampuni ya Imperial Airways zilipoanza kutua hapo, chini ya mlima Loleza, katika njia yao ndefu itokayo London kwenda Cape Town. Nao mwaka ulikuwa 1932. Miji ya pwani iliyoutangulia kwa karne nyingi, yenye bandari na misikiti ya kale na maduka yaliyosheheni bidhaa za Bara Hindi, haikupata bahati hiyo, kwa kuwa njia ya ndege ilishuka kutoka Nairobi na Moshi, ikapita Dodoma, ikafika Mbeya, kisha ikavuka mpaka kwenda Mpika na Broken Hill katika Rhodesia ya Kaskazini.

Anayetaka kujua ada ya kubadilisha tarehe ya tiketi, ambayo siku hizi huwaudhi abiria kuliko hata nauli yenyewe, ilizaliwa vipi, hana budi kuanzia hapo, ingawa wakati huo ada ya namna hiyo ilikuwa haijafikiriwa. Ndege ilipita mara moja kwa juma, na hata ilipofika 1935 safari zikawa mbili kwa juma, aliyeikosa alijua kwamba adhabu yake ni siku za kungoja, si shilingi. Nauli ilikuwa ya mabwana: ndani yake mlikuwamo chakula, malazi ya njiani, na gari la kumchukua msafiri kutoka kiwanjani mpaka mahali pa kulala, kwa maana ndege za zama hizo hazikuruka usiku katika nchi hizi. Abiria alipandishwa mizani pamoja na mizigo yake, wala hakuna aliyeona haya, kwani kila ratili ilikuwa na hesabu yake, hasa katika kiwanja kilicho juu kiasi cha mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mabawa hushika kwa taabu.

Tena ifahamike kwamba msafiri hakuwa ndiye bwana wa safari. Aliyelipia njia ile ni posta, kwa ruzuku zilizotolewa na serikali ya Uingereza pamoja na serikali za makoloni, ya Tanganyika ikiwamo, ili barua zifike upesi; abiria alikuwa kama nyongeza juu ya mifuko ya barua. Na ratiba, ijapokuwa ilichapwa kwa fahari London, huku ilikuwa chini ya hukumu ya mvua ya masika, matope ya kiwanja na ukaidi wa injini. Kampuni isiyoweza kuahidi siku yake yenyewe haikuwa na uso wa kumtoza mteja fedha kwa sababu naye amebadili siku yake, na nadhani katika jambo hilo kulikuwa na insafu iliyokuja kupotea baadaye.

Iringa haikuwa katika njia hiyo. Mkulima wa tumbaku au ofisa wa boma aliyetaka kupanda ndege alishuka Dodoma kwa gari, mwendo wa kilomita zipatazo 260, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na kama gari lilikwama njiani, ndege haikumngoja. Mwaka 1937 Mbeya nayo ikaonja masikitiko hayo hayo, maana Imperial Airways ilileta ndege zake zinazotua majini, ikauhamisha mstari mkubwa kuupeleka pwani, ndipo Dar es Salaam na Lindi zikapata kile kilichoziondoka nyanda za juu. Uzi uliobaki ulishikwa na Wilson Airways ya Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bibi Florence Wilson, ambayo iliendelea kupitia Mbeya kwa ndege ndogo hadi vita ya 1939 ilipoikatiza.

Baada ya vita, mwaka 1946, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilishirikiana kuanzisha East African Airways, kwanza kwa ndege ndogo za Dragon Rapide zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa, kisha kwa zile Dakota ambazo wazee wengi wanazikumbuka kwa ngurumo yake. Mwaka mmoja kabla yake, katika mji wa Havana, makampuni ya ndege ya ulimwengu yaliunda umoja wao uitwao IATA, nao ndio uliotoa taratibu za nauli na tiketi zikafuatwa karibu kila mahali. Kwa taratibu hizo, aliyelipa nauli kamili alikuwa na hati itakayodumu mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo aliweza kughairi, kuakhirisha, au kuiacha tarehe wazi mpaka shughuli zake zitakapotulia. Karani alipotakiwa kubadili siku hakutoza kitu. Alibandika kijikaratasi juu ya tarehe ya zamani, akaandika mpya, akagonga muhuri, mambo yakaisha. Sharti kubwa lilikuwa la kuthibitisha safari kabla ya siku yake, aghalabu saa 72 kwa safari za nchi za nje, ili kiti kisipewe mwingine.

Lakini wale wanaozitamani zama hizo na watazame ni nani aliyeufaidi upole huo. Katika Nyanda za Juu za Kusini walikuwa ni maofisa waliosafiri kwa gharama ya serikali, wenye mashamba ya chai ya Mufindi, mawakala wa makampuni, na wafanyabiashara wachache wenye mitaji. Mpagazi wa jana na mchimba dhahabu wa Chunya, ambaye mshahara wake wa miezi mingi usingetosha nauli ya kwenda Dar es Salaam, hakuwa na tiketi ya kubadilisha. Uhuru wa kughairi ulikuwa umekwisha kulipiwa ndani ya bei, na bei ndiyo iliyokuwa mlango uliofungwa.

Sitakaa sana juu ya miaka iliyofuata. Barabara ya lami ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ziliwachukua wasafiri wengi wa Mbeya. East African Airways ikavunjika mwanzoni mwa 1977, mwaka ule ule ilipovunjika jumuiya ya nchi zilizoimiliki. Na Machi ya mwaka huo Shirika la Ndege la Tanzania likaanzishwa. Katika dhiki ya fedha za kigeni iliyoikumba nchi baada ya vita ya Kagera, mafuta na vipuri vilikuwa adimu, na abiria aliuliza kwanza kama ndege itaruka, kabla hajauliza masharti ya tiketi.

Wakati huo huo, mbali na hapa, mambo yalikuwa yakigeuka. Mwaka 1977 kampuni ya American Airlines ilianza kuuza nauli za chini sana kwa mtu anayenunua mapema na kukubali kufungwa na tarehe, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kuondoa mamlaka ya serikali juu ya nauli. Hoja ya wauzaji ilikuwa na mantiki: mchele wa Kyela usiponunuliwa leo hungoja ghalani mpaka kesho, bali kiti kilichoruka kitupu thamani yake imekwisha milele. Basi kiti kile kile kikawekewa bei nyingi, na ili mwenye haja ya haraka asijinunulie ile ya chini, ukajengwa ukuta kati ya bei na bei. Ukuta huo ndio ada ya kubadilisha, pamoja na tofauti ya nauli juu yake. Haki iliyokuwa imo ndani ya tiketi ilitolewa nje, ikapewa bei yake peke yake.

Nyanda za juu ziliupata mtindo huo kwa ghafula. Kiwanja cha Songwe, kilichojengwa kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, kilifunguliwa Desemba 2012, kikachukua mahali pa kile kidogo kilichokuwa katikati ya mji. Na mwaka 2013 kampuni ya Fastjet, iliyokuwa imeanza nchini kwa kutangaza nauli tangu Sh 32,000 kabla ya kodi na ada za kiwanja, ikafika Mbeya kwa ndege zake za Airbus. Watu walilipia kwa simu zao za mkononi. Walimu, wanafunzi na wachuuzi ambao wazazi wao hawakupata kuiona ndege isipokuwa angani, walifika Dar es Salaam kwa muda wa saa moja na ushei badala ya kutwa nzima ndani ya basi. Huo ni wema ambao mwandishi mwadilifu hawezi kuukana.

Ila masharti yale yalitungwa kwa ajili ya watu wanaoijua kesho yao. Huku, sababu kubwa ya mtu kusafiri kwa haraka ni msiba, na msiba hauwekewi nafasi mwezi mmoja kabla. Wala aliyekuja kuzika hajui kama kikao cha ukoo kitakwisha Jumatano au Jumamosi. Mwenye kupeleka mbao au viazi hungoja malipo, na malipo hayana ratiba. Na juu ya hayo kuna ukungu wa bonde la Songwe, uliokuwa ukizirudisha ndege Dar es Salaam asubuhi baada ya asubuhi wakati kiwanja kilipokuwa hakina bado taa za kuongozea. Ukungu ulipoibadili siku, ilisemwa ni kudura ya Mungu. Abiria alipoibadili kwa sababu mama yake amefariki, iliitwa kughairi kwa hiari, akatozwa.

Fastjet iliacha kuruka hapa nchini mwishoni mwa 2018, lakini masharti hayakuondoka nayo. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipomfanya kila msafiri kuwa mtu asiyeijua kesho, makampuni makubwa ya Marekani, United ikiwa mbele, yalifuta ada ya kubadilisha katika tiketi nyingi za safari za ndani, yakiibakiza katika zile za bei ya chini kabisa. Wasafiri wa Mbeya na Iringa hawakungoja fadhila kama hiyo. Wengi wao wamejifunza kununua tiketi ya kwenda tu, na ile ya kurudi huitafuta huko huko, matanga yakishaanuliwa au fedha za mzigo zikishaingia, hata kama kwa wakati huo bei yake imekwisha panda.